Shajara ya kibali: kuondoa ukuta wa jikoni na kuongeza bafu nyuma ya nyumba

Mradi wenyewe

Nyumba ina chini na ghorofa moja, kuta za matofali ya saruji, na sakafu ya juu ni slabu ya zege ya mm 150. Kazi kubwa ni mbili: kuondoa ukuta ulio kati ya jiko na sebule (uwazi wa m 3.6), na kuongeza bafu la m 3.0 kwa 2.4 upande wa nyuma. Pembeni kuna vigae, rangi, makabati na bodi mpya ya umeme.

Shajara hii inafuatilia karatasi zaidi ya saruji. Ujenzi unatajwa pale mkaguzi anapoingia. Ada hazijaandikwa kwa fedha, kwani kila halmashauri ina jedwali lake. Gharama zimeandikwa kwa kile kilichopotea: wiki, michoro iliyochorwa upya, vifaa vilivyokodiwa vikakaa bure.

8 Januari: Kazi ipi inahitaji kibali

Kwa kawaida kibali kinadaiwa pale kazi inapogusa muundo unaobeba nyumba, eneo la jengo juu ya kiwanja, maji taka, umeme mkuu, au matumizi ya jengo. Rangi, vigae, makabati na sinki linalobadilishwa palepale lilipo mara nyingi havihitaji. Hata hivyo orodha ya kazi zilizosamehewa iombwe kaunta ikiwa imeandikwa, maana jibu la mdomo halina wa kulisimamia mkaguzi mwingine akija.

Maamuzi mawili yalifanyika hapa. Boriti itakayobeba badala ya ukuta wa jikoni, na bafu, viliingizwa kwenye ombi moja. Ukitenganisha, ombi la pili litaonyesha nyumba "iliyopo" tofauti na ile iliyochorwa kwenye la kwanza, na moja litasubiri jingine limalizike. Vigae na makabati vilitolewa kabisa, kwa kuwa ofisi nyingine hupiga ada kwa thamani ya kazi iliyotajwa. Kutaja makabati ni kuyalipia kibali yasichokihitaji.

Bodi ya umeme ina njia yake na cheti chake, hata kama fomu zinapokelewa dirisha lilelile.

15 Januari: Faili la zamani

Kabla ya kupima chochote tuliomba nakala ya ramani iliyoidhinishwa nyumba ilipojengwa. Hatua hii huwa inarukwa, na hapa ndiyo iliyookoa ombi zima. Stoo ya m 2.1 kwa 1.8 iliyosimama nyuma ya nyumba, mahali hasa bafu linapokusudiwa, haimo kwenye ramani hiyo. Ilijengwa baadaye bila kibali, na nyumba ikauzwa nayo.

Ukiichora kama "iliyopo", umekiri jengo lisilo na kibali kwa saini ya msanifu wako. Usipoichora, afisa ataiona siku ya kutembelea kiwanja. Zinabaki njia mbili halali: kuihalalisha, au kuomba kuibomoa. Tulichimba vishimo viwili kwenye kona zake. Hakuna msingi, ukuta umekaa juu ya ukingo wa zege la mm 100 lililomwagwa juu ya udongo. Hakuna mhandisi atakayeisainia, kwa hiyo ubomoaji umeingia kwenye ombi kama hatua ya kwanza.

Mtego uliofuata ulikuwa wa hesabu. Mchoraji alitoa eneo la stoo (m² 3.78) kwenye eneo la bafu (m² 7.2) akaandika kwamba jengo linaongezeka kwa m² 3.42. Haikubaliki. Asilimia ya kiwanja kilichojengwa inalinganishwa na ramani iliyoidhinishwa, na huko stoo haijawahi kuwepo. Zote 7.2 ni nyongeza. Bahati nzuri kiwanja bado kina nafasi.

Bati za stoo ni za saruji na za zamani. Bati za aina hiyo huweza kuwa na asbesto, na hilo halijulikani kwa macho. Kipande kidogo kilikatwa kikiwa kimelowanishwa, kikafungwa ndani ya mifuko miwili, kikapelekwa maabara. Kabla ya majibu hakuna kuzivunja, kuzitoboa wala kuzikata kwa grainda. (Nyongeza, 29 Januari: hazina asbesto. Karatasi ya maabara imeambatanishwa kwenye ombi. Bila hiyo sharti la kwanza la kibali lingekuwa kuitafuta.)

2 Februari: Vipimo

Vyumba vilipimwa pande nne pamoja na ulalo mmoja kwa kila chumba. Ulalo ndio unaofichua chumba kisicho mraba, na bila huo mchoro unapendeza kwenye karatasi lakini boriti inakuja fupi.

Uzio wa nyuma si mpaka. Mpima ardhi alipotafuta bikoni (alama za mpaka) alikuta uzio umesimama mm 350 nje ya kiwanja. Masharti yanataka m 1.5 kati ya jengo na mpaka wa nyuma, na mpango wa awali ulipimwa kutoka kwenye uzio. Kina cha bafu kikashuka kutoka m 2.75 hadi 2.4. Kumlipa mpima ardhi kuliuma kidogo, ila kosa hilo likigunduliwa kuta zikiwa zimesimama dawa yake ni nyundo.

Ukuta wa jikoni: unabeba au haubebi? Kuugonga kwa vidole hakusemi kitu, na unene wake hausemi vya kutosha. Tuliangalia mambo matatu: slabu imelalia upande gani (nondo kuu zilitafutwa kwa kifaa cha kusoma chuma ndani ya zege), kuna nini juu yake ghorofani, na kama una msingi wake chini. Slabu inaulalia kutoka pande zote mbili, msingi upo, na juu yake moja kwa moja kuna ukuta wa vyumba vya kulala. Unabeba kweli.

Chemba ya maji taka ilifunguliwa, ikapimwa kina hadi sakafu ya mfereji wake. Kipimo hiki kiliandikwa kwenye daftari la kiwanja lakini hakikuhamishiwa kwenye mchoro. Matokeo yake yako kwenye ingizo la Aprili.

20 Februari: Michoro

Seti ina ramani ya kiwanja kwa 1:200, nyumba ilivyo, vinavyobomolewa, nyumba itakavyokuwa, mikato miwili (nyumba ikionyeshwa kama imekatwa wima), sura za nje (zote 1:100), michoro ya muundo kwa 1:50 na viungo vya boriti kwa 1:20, na mchoro wa maji taka wenye vina. Mchoro wa ubomoaji ujitegemee. Ukichanganywa na wa nyumba mpya, mistari ya nukta inasomwa vibaya na maswali hayaishi.

Kipimio ndicho kilichokula karatasi. Michoro ya muundo ilitayarishwa kwa A1, 1:50, ofisi ikataka nakala za A3. A1 ikipunguzwa kuwa A3 urefu wa kila mstari unakuwa nusu, kwa hiyo 1:50 inageuka 1:100, lakini maandishi pembeni bado yanasema 1:50. Afisa akiweka rula anapata ukuta wa mm 75. Tatizo la pili ni dogo na baya zaidi: printa iliyoachwa kwenye "tosheleza ukurasa" hupunguza mchoro kwa asilimia chache, kiasi cha kutoonekana, na kila kipimo kinatoka pungufu kidogo. Suluhisho ni kuandaa karatasi kwa ukubwa uleule utakaowasilishwa, kuprinti kwa asilimia 100, na kuchora mstari wa kipimio kwenye kila karatasi ili mtu aweze kuhakiki kwa rula. Seti nzima iliprintiwa upya.

6 Machi: Kuwasilisha

Faili lilikataliwa mara ya kwanza palepale kaunta, kabla hata ya kusajiliwa. Jina kwenye hati ya kiwanja lina majina matatu na kitambulisho kina mawili. Kiapo cha kuthibitisha kwamba ni mtu mmoja kilimaliza suala hilo. Stakabadhi ya kodi ya jengo nayo ilipaswa kuwa ya mwaka huu. Ya mwaka jana haikupokelewa.

Muda wa kushughulikia ombi unahesabiwa tangu lilipopewa namba ya kumbukumbu. Faili likilala mezani bila namba, bado halijawasilishwa, hata kama karani amelipokea kwa tabasamu. Usiondoke bila namba na orodha ya viambatisho iliyogongwa muhuri.

3 Aprili: Maoni yamerudi

Hakuna aliyepinga bafu wala kuondolewa kwa ukuta. Maoni yote yanahusu karatasi zisizokubaliana, zenyewe kwa zenyewe au na kiwanja.

*Boriti.* Hesabu za mhandisi zilichukua uzito wa sakafu ya juu peke yake. Slabu ya mm 150 ni kN 3.75 (kilonewtoni; kN 10 ni karibu tani moja) kwa kila mita ya mraba, sakafu na lipu tumeweka 1.5, watu na vyombo 1.5. Upana unaobebwa na boriti ni m 3.5. Ukizidisha kwa vigezo vya usalama alivyotumia (1.4 kwa uzito wa kudumu, 1.6 kwa unaohama) unapata kN 34 kwa kila mita ya boriti, na mpindo wa katikati (nguvu inayotaka kuikunja boriti) ni kNm 55. Lakini mchoro wa ghorofani, ndani ya seti hiyohiyo, unaonyesha ukuta juu ya boriti. Ukuta huo ni takriban kN 9 kwa mita. Uingize, na jumla inakuwa karibu kN 47 kwa mita, mpindo kNm 76. Boriti iliyochaguliwa kwanza ilikuwa pungufu.

Na tatizo halikuishia katikati. Kila ncha sasa inashusha kN 84, yaani zaidi ya tani 8. Ncha ya chuma ikikalia ukuta kwa mm 150 kwa 150, tofali linabeba karibu N 3.7 kwa kila milimita ya mraba, mzigo unaoweza kulipasua. Mhandisi ameongeza kitako cha zege chenye urefu wa mm 450 chini ya kila ncha. Shinikizo linashuka hadi takriban 1.2. Hiki kitako ndicho mafundi hupenda kukiruka, kwa sababu kinakuja kufunikwa na lipu.

*Maji taka.* Bomba la mm 100 limechorwa na mteremko wa 1:40 kwa urefu wa m 9 hadi kwenye chemba. Hiyo ni mm 225 za kushuka. Tofauti iliyopo kati ya tundu la choo na sakafu ya chemba ni mm 150 tu, na kwa m 9 hiyo ni 1:60. Mteremko ulioandikwa haupo duniani. Kushusha chemba kungemaanisha kushusha na bomba linalotoka humo hadi barabarani. Badala yake choo kimehamishiwa ukuta wa pili wa bafu. Njia imekuwa m 6, na mm 150 kwa m 6 ni 1:40 kamili. Bafu lote limechorwa upya, ikiwemo mahali pa dirisha.

*Paa.* Ukuta wa nyuma uko m 1.5 kutoka mpakani, lakini paa linatokeza mm 600, na masharti ya hapa yanapima kutoka sehemu ya jengo iliyo nje kabisa. Kwingine hupimwa kutoka usoni pa ukuta. Ni swali la kuuliza mapema kabisa. Ukuta wa nyuma sasa unapanda juu ya paa na mfereji wa mvua unapita ndani yake.

*Dirisha.* Sura ya nje inaonyesha kizingiti m 1.2 juu ya sakafu, mkato unaonyesha 1.5. Kosa la dakika moja lililokaa kwenye foleni wiki kadhaa sawa na yale makubwa.

24 Aprili: Majibu

Majibu yalipelekwa kwa jedwali la safu tatu: maoni neno kwa neno, kilichofanyika, namba ya karatasi. Mabadiliko yamezungushiwa wingu jekundu na kila karatasi iliyoguswa imepanda toleo kutoka A kwenda B. Karatasi isiyobadilika imebaki A. Ukipandisha zote, afisa atalazimika kuzisoma zote tena, na huenda akaona jipya.

Gharama ya mzunguko huu: karibu nusu ya kazi yote ya uchoraji imefanyika mara mbili, na foleni imeanza upya. Jeki za chuma za kushikilia slabu, zilizokodiwa mapema "ili zisikosekane" zimekaa zikilipiwa. Usikodi kitu kabla ya kibali.

15 Mei: Kibali

Kimetoka kikiwa na masharti nyuma ya ukurasa, na masharti hayo ndiyo ya kusoma kwanza. Kibali kinakufa kazi isipoanza ndani ya muda uliotajwa. Mkaguzi apewe taarifa saa 48 kabla ya hatua nne: msingi kabla ya zege, bomba kabla ya kufukia, boriti kabla ya kufunikwa, na mwisho. Nakala ya michoro yenye muhuri ikae kiwanjani. Nakala ya fundi ilikuwa bado toleo A, ilichanwa.

3 Juni: Msingi

Umekataliwa. Mvua ya usiku ilijaza mtaro, maji yakatolewa, nondo zikalazwa juu ya tope lililobaki, zikiegemezwa kwa vipande vya mawe. Makosa ni mawili. Udongo uliolowa chini ya mtaro umelainika, hauwezi tena kubeba kama ulivyohesabiwa. Uondolewe hadi ufike udongo mgumu, na pengo lijazwe zege dhaifu. Ukirudisha udongo uleule na kuushindilia umejenga juu ya mto wa kulalia. Na nondo zinahitaji biskuti za zege (vipande vidogo vya kuziinua) za mm 50, maana mawe huteleza zege likimwagwa, na chuma kinachogusa udongo kinaoza kimya.

Mkaguzi alirudi baada ya siku chache. Mtaro ulifunikwa kwa turubai wakati wote huo.

17 Juni: Bomba

Mteremko ulikaguliwa kwa pima maji na kipande cha mbao chenye tofauti ya mm 25 kwa urefu wa mita moja. Sawa. Jaribio la maji halikuwa sawa: bomba lilizibwa chini, likajazwa hadi m 1.5 juu ya mwanzo wake, na kina kikaendelea kushuka hata baada ya muda wa kutulia. Kiungo kimoja kilikuwa kinavuja. Fundi alikata bomba kwa msumeno akalisukuma bila kuchonga ukingo wala kupaka mafuta ya kulainisha, na pete ya mpira ikajikunja ndani. Kiungo kilikatwa, ukingo ukachongwa, likapita. Kama lingekuwa limefukiwa, uvujaji huo ungegundulika kwa harufu.

8 Julai: Boriti

Jeki zilisimamishwa pande zote mbili za ukuta, kila mita moja, juu ya mbao nene ili zisitoboe sakafu. Ukuta ulishushwa kuanzia juu. Boriti ni ya chuma kwa sababu moja ya kiwanjani: zege haliwezi kujazwa vizuri chini ya slabu iliyopo.

Mkaguzi alisimamisha kazi kwa ajili ya pengo la mm 20 kati ya boriti na slabu, lililokuwa limejazwa kabari za mbao. Mbao husinyaa, slabu inashuka kuifuata, na ukuta wa juu unapasuka. Kabari zimetolewa, zimewekwa sahani za chuma, na katikati pamepakiwa mchanganyiko mkavu wa saruji usiosinyaa. Jeki hazikuondolewa hadi mchanganyiko huo ulipokomaa. Picha za vitako na ncha zilipigwa zikiwa na tepu ya kupimia ndani yake, kisha boriti ikafungwa kwa mbao za jasi za kukinga moto.

27 Julai: Badiliko katikati ya kazi

Dirisha la bafu linahitaji kusogezwa mm 400 ili lisiwe ndani ya eneo la kuogea. Ofisi inaligawa badiliko kwa kuangalia linagusa nini. Dirisha kwenye ukuta uleule, bila kugeuza ukubwa, ni badiliko dogo: karatasi moja yenye alama nyekundu, barua, na ruhusa kabla ya kutoboa. Lingekuwa linatazama upande mwingine wa kiwanja, lingerudi foleni ya kawaida.

2 Septemba: Ukaguzi wa mwisho

Vilivyowekwa mezani: michoro ya nyumba ilivyojengwa hasa (pamoja na dirisha lililosogea), matokeo ya vipande vya zege vilivyovunjwa kupima nguvu siku ya 28 baada ya kumwagwa, cheti cha umeme, fomu ya jaribio la bomba iliyosainiwa, na picha za kila kilichofunikwa.

Dosari ni moja. Mfereji wa mvua ulio ndani ya ukuta wa nyuma hauna tundu la dharura. Majani yakiziba mdomo wake, maji yanapanda na kuingia chini ya bati. Tundu la mm 100 kwa 50 limetobolewa kwenye ukuta, chini ya usawa wa ukingo wa paa. Ofisi imekubali kuthibitisha kwa picha bila kurudi kiwanjani.

Cheti cha kukamilika kimetolewa kwa bafu na boriti. Cha kukamilika kwa umeme kinasubiri shirika la umeme lifunge mita upya. Bodi mpya imewekewa lebo na imezimwa hadi siku hiyo.